Kwa Kamishna wa Bima: Tuuzieni Bima Tunayoweza Kuisoma

Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA),
Zep-Re Place, Upper Hill,
Nairobi.

Mheshimiwa Kamishna,

Nakuandikia kutoka Matete, huku kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, kwenye barabara kuu iendayo Webuye. Kununua bima ya gari huku hakuhitaji ofisi. Unampigia wakala, unamtumia picha ya logbuku kwa WhatsApp, unalipa kwa M-Pesa, na kabla chai haijapoa cheti kimeshaingia kwenye simu. Cheti hicho cha kidijitali ni kazi nzuri. Enzi za stika za karatasi tuliuziwa bandia tukazibandika kwenye kioo kwa fahari. Malalamiko yangu hayako hapo. Ninacholalamikia ni kwamba baada ya cheti hakuna kingine kinachokuja. Mkataba wenyewe, ile hati inayosema kampuni italipa nini na haitalipa nini, wengi wetu hatuuoni mpaka siku tunapoambiwa tumeuvunja.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Majirani huniletea barua za benki, za mahakama na za serikali niwasomee, na siku hizi za bima zimezidi zote. Nimezisoma kiasi cha kuona kwamba ugomvi ni ule ule mmoja: mwenye gari alidhani amenunua kitu fulani, kampuni inajua ilimuuzia kingine, na wakala aliyesimama katikati yao alikuwa na haraka.

Chukua gari aina ya Probox. Njoo usimame kwenye steji yetu alfajiri uone linavyopakia: mama wa ndizi anayewahi sokoni, wanafunzi wawili, karani anayeshuka Malava, na nyuma gunia la mahindi lililolazwa juu ya kuku. Kwenye cheti, gari hilo ni la matumizi ya kibinafsi. Bima ya mtu wa tatu, thadi pati kama tunavyoiita, kwa gari la kibinafsi hupatikana kwa karibu Sh7,500 kwa mwaka. Ya gari la abiria ni ghali zaidi, hupigiwa hesabu kwa viti, na wengi huilipa mwezi kwa mwezi. Katikati ya hizo mbili kuna ya gari linalobeba mizigo ya mwenyewe na ya lile linalobeba mizigo ya watu kwa malipo. Madaraja hayo yote wakala anayajua. Hayataji, kwa sababu akiyataja mteja atampigia wakala mwingine.

Jirani yangu mwenye Probox la namna hiyo alinunua bima ya kibinafsi kwa kampuni ambayo sitaitaja. Usiku mmoja gari lake likaingia nyuma ya trela ya miwa iliyokuwa ikienda kiwandani bila taa hata moja. Trela hizo unazijua, Mheshimiwa. Msimu wa kuvuna barabara yetu ni yao. Kampuni ikamtuma mpelelezi. Hakuanzia barabarani. Alianzia wodini, akawauliza majeruhi swali moja la upole: mlilipa nauli pesa ngapi? Mmoja akasema Sh100. Mwingine akasema yeye hutozwa Sh80 kwa kuwa ni mteja wa siku nyingi. Hapo upelelezi ukawa umekamilika.

Barua iliyofuata niliisoma mimi. Ilisema gari lilitumika kinyume cha mkataba, kwa hiyo kampuni haiwajibiki. Kuna wakili pia aliyemweleza kwamba Sheria ya Bima ya Magari kwa Mtu wa Tatu, Sura ya 405, inaipa kampuni nafasi ya kwenda mahakamani, kabla ya kesi ya majeruhi kuanza au ndani ya miezi mitatu baada ya kuanza, kuomba itamkwe kwamba bima ilipatikana kwa maelezo ya uongo na hivyo haiifungi. Jirani yangu aliuliza uongo huo aliusema lini, maana hakuna aliyemuuliza swali lolote. Na kweli, fomu ya maombi ilikuwa imejazwa na wakala kwa niaba yake. Sahihi haikuwa yake.

Najua leseni ya kubeba abiria ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) na si yako. Najua pia jirani yangu alikuwa akibeba abiria bila leseni hiyo, na simtetei. Lakini mama mmoja wa ndizi aliyevunjika nyonga katika ajali ile hakuchagua daraja la bima. Alipanda gari lililokuwepo. Kampuni nazo zinajua kabisa Probox la miaka kumi na minane huku kijijini linafanya kazi gani. Zinapokea pesa zikijua, kisha zinashangaa siku ya ajali. Mshangao wa namna hiyo ungepaswa kuwa na gharama. Kama wakala hakuuliza gari litafanya kazi gani, na hakuna rekodi ya jibu la mteja kwa sahihi yake au kwa ujumbe wa simu yake, basi kampuni isiruhusiwe kujificha nyuma ya swali ambalo halikuulizwa.

Sasa kwa msomaji mwenzangu atakayeiona barua hii, niseme kwa lugha yetu kile ambacho thadi pati inalipa. Sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kifo au majeraha ya mtu mwingine yanayotokana na gari lake barabarani. Kampuni zenyewe huongeza uharibifu wa mali ya mtu huyo, ukuta au gari lake, hadi kiwango kilichoandikwa. Basi. Gari lako mwenyewe halimo, mguu wako haumo, na mahindi yako hayamo. Kikomo cha sheria kwa mdai mmoja ni Sh3,000,000. Mahakama ikimpa majeruhi zaidi ya hapo, kinachozidi kinatafutwa kwako, na kwetu huku kutafutwa maana yake ni shamba.

Kuna jambo jingine ambalo limewashangaza hata walimu wenzangu. Bima hii ya lazima haimhusu kila aliye ndani ya gari. Inamhusu abiria aliyelipa nauli kwenye gari la kubeba abiria, na mfanyakazi anayesafirishwa kwa sababu ya kazi yake. Rafiki uliyempa lifti kutoka mazishini hamo, mpaka uwe umelipia kifungu cha abiria. Kifungu hicho kwa gari dogo huuzwa kwa mamia machache ya shilingi kwa kila kiti, na sijakutana na wakala hata mmoja aliyekitaja kabla ya kuulizwa. Huku ambako gari moja la familia hubeba ukoo mzima kwenda msibani Jumamosi, ningedhani hilo ndilo lingekuwa neno la kwanza kinywani mwake.

Boda boda ni hivyo hivyo, tena vibaya zaidi. Kijana ana cheti, trafiki anamwachilia, naye anaamini yeye na abiria wake wamekingwa. Aliyekingwa kwa hakika ni yule watakayemgonga. Abiria wa nyuma anahitaji pikipiki iwe imekatiwa bima ya kubeba abiria, na dereva mwenyewe anahitaji bima ya ajali ya mtu binafsi, ambayo ni bidhaa tofauti. Pikipiki ikianguka yenyewe kwenye changarawe, kundi la WhatsApp la harambee linafunguliwa kabla jeraha halijafungwa bandeji.

Watu huniambia, basi mwalimu, mtu akate ile kubwa, komprehensivu, inayokinga hadi gari lake mwenyewe, aache kuhangaika. Ningewaunga mkono kama ingeuzwa kwetu. Kampuni nyingi hazitaki kuikatia gari lililozidi miaka kumi na mitano hivi. Serikali inaruhusu gari kuingia nchini likiwa na umri usiozidi miaka minane. Linazunguka Nairobi, linauzwa Eldoret, na likifika Matete mikononi mwa mnunuzi wa tatu tayari limevuka mpaka huo. Kwa hiyo magari yanayobeba watu wengi katika barabara mbovu zaidi ndiyo yasiyoweza kununua bima hiyo hata mwenyewe akiwa na pesa.

Na aliye na gari linalokubalika anasomaje karatasi ya malipo? Nichukue mfano wa gari la Sh800,000 kwa kiwango cha asilimia 4. Bima ni Sh32,000. Chini yake kuna ada ya mafunzo ya asilimia 0.2 ya malipo hayo, yaani Sh64. Mchango wa Mfuko wa Kuwafidia Wenye Bima wa asilimia 0.25, yaani Sh80. Na stempu ya Sh40. Jumla Sh32,184. Hesabu hiyo huwa safi, haina kosa hata la senti. Hesabu ambayo haiandikwi hapo ni ya siku ya ajali. Kwenye mikataba niliyoisoma, mwenye gari hubeba mwenyewe asilimia 2.5 ya thamani ya gari kabla kampuni haijatoa chake. Kwa gari hilo ni Sh20,000. Likiibwa bila kifaa cha kulifuatilia, sehemu yake ni asilimia 20, yaani Sh160,000. Kioo cha mbele kina kikomo chake, redio ina chake, na kuvutwa kwa brekdauni kuna chake pia.

Kisha kuna mtego ambao wenye pesa kidogo huingia wakidhani wanajiokoa. Mtu anaambiwa malipo yanategemea thamani ya gari, anaamua kulitaja kuwa la Sh400,000 ili alipe nusu. Linagongwa, gereji inataka Sh200,000. Kampuni inapiga hesabu: ulikinga nusu ya gari, tutalipa nusu ya hasara. Sh100,000, na ile sehemu yako bado inatolewa humo. Anayetaja thamani kubwa kupita kiasi naye hafaidi, kwani gari likiharibika kabisa hulipwa bei ya soko ya siku hiyo. Hakuna ujanja wa namna yoyote hapo, wa juu wala wa chini, na ukaguzi wa thamani kabla ya kulipa ungemaliza ubishi wote. Kampuni nyingi hugharamia ukaguzi huo kwa mteja mpya. Wakala anayefanya kazi kwa simu husema hauna haja.

Turudi kwenye ile Sh80 ya Mfuko, maana hapa ndipo neno bima nafuu linapokuwa gumu. Mtu wa Matete akitafuta bima nafuu hulinganisha kitu kimoja tu: bei. Hana njia ya kulinganisha kingine. Na kampuni za bima huanguka: United ilitiwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield 2011, Resolution 2022, Xplico 2023. Baadhi ya hizo zilikuwa kimbilio la wenye matatu. Kampuni ikifika hapo, malipo husimamishwa na wenye bima hukingwa dhidi ya wadai kwa muda. Muda ukiisha, aliyeshinda kesi hana wa kumfuata ila mwenye gari, na dalali wa mahakama hupiga hodi kwa mtu aliyelipa bima yake kila mwezi bila kukosa. Mfuko upo kwa ajili ya siku hiyo, lakini kikomo chake tunachokijua ni Sh250,000 kwa mdai. Sheria inaruhusu deni la Sh3,000,000 na kinga yake ya mwisho ni Sh250,000. Tofauti hiyo, Mheshimiwa, imekaa juu ya vichwa vya watu ambao kosa lao ni kuamini leseni uliyoitoa wewe.

Nisiwe na upande mmoja. Kampuni zina kilio chao na nakisikia. Matatu ya abiria kumi na wanne hupata ajali, na kortini hufika wadai ishirini na kitu. Kuna majeraha yanayokua njiani kutoka hospitali hadi kwa wakili. Bima ya magari imezitia hasara kampuni nyingi kwa miaka, na bado zinapigana kwa kushusha bei kana kwamba zinauza nyanya za jioni. Kampuni inayouza chini ya gharama inaweza kujiokoa kwa njia mbili tu, kuchelewesha madai au kuyakataa, na zote mbili hulipwa na mteja. Sheria ya Bima inatoa siku 90 kwa dai kulipwa. Nina barua hapa mezani ambazo siku 90 zilipita zikiwa bado kwenye hatua ya "tunaangalia suala lako."

Ofisi yako hutoa kila robo mwaka takwimu za jinsi kila kampuni inavyolipa madai. Nimeziona. Ni majedwali ya Kiingereza, marefu, ndani ya tovuti. Kwa mkulima wa miwa anayetaka kukatia trekta lake bima, takwimu hizo ni kama hazipo, na hasara iko pande zote, maana kampuni inayolipa vizuri nayo inakosa sifa yake. Zitoeni kwa Kiswahili, kwa redio zinazosikika huku, kampuni kwa kampuni: madai mangapi yaliletwa, mangapi yalilipwa, mangapi yalikataliwa. Nina hakika bei zingeanza kujirekebisha zenyewe kabla hujaandika kanuni mpya hata moja.

Najua mtasema kufikisha maelezo kwa kila mwenye gari ni kazi kubwa. Mwaka 2024 Hazina haikuona hivyo. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulitaka kila gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake, kati ya Sh5,000 na Sh100,000, na aliyepewa kazi ya kukusanya ni kampuni ya bima, pale pale inapotoa cheti. Kodi hiyo iliondolewa Juni 18, siku ambayo vijana walianza kuandamana Nairobi. Lakini serikali ilikuwa imetambua jambo la kweli: dakika ya kutoa cheti ndiyo dakika pekee ambayo kila mwenye gari nchini, awe wa Karen au wa Chevaywa, anapatikana bila kutafutwa. Kama dakika hiyo ilifaa kuchukua pesa, inafaa pia kutoa maelezo.

Ombi langu basi ni ukurasa mmoja wa Kiswahili, ufike kwenye simu kabla ya malipo, na cheti kisitoke mpaka mteja amejibu kwamba ameupokea. Katiba ya 2010 inakipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi katika kifungu cha 7, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya maelezo yatakayomwezesha kufaidi alichonunua. Sioni ni wapi panaposema haki hiyo itolewe kwa Kiingereza cha mawakili, kwa herufi ndogo, baada ya pesa kutoka.

Ukurasa huo nimejaribu kuuandika, nione kama inawezekana. Inawezekana. Unasema gari hili limekatiwa bima kwa kazi gani, na kwamba likifanya kazi nyingine kampuni inaweza kukataa kulipa. Unasema abiria wamekingwa au hawajakingwa, na kama wamekingwa ni wangapi. Unasema kikomo cha mtu mmoja aliyeumizwa ni kiasi gani. Unasema katika kila hasara wewe mwenyewe utatoa shilingi ngapi, kwa shilingi na si kwa asilimia, kwa sababu asilimia hailipwi kwa M-Pesa. Unasema bima inaanza saa ngapi ya tarehe gani na inaisha lini, jambo linalowaponza wanaolipa kwa awamu. Wanapewa cheti cha mwezi mmoja, wanasahau awamu ya pili, na gari linaendelea kutembea likiwa uchi. Unasema ajali ikitokea ripoti polisi uchukue abstrakti, piga simu kwa kampuni kwa nambari hii, usikubali kosa wala kuahidi fidia barabarani, na karatasi yoyote ya mahakama itakayokufikia usiiweke kabatini, ipeleke kwa kampuni siku hiyo hiyo. Mstari wa mwisho una nambari ya simu ya ofisi yako ya malalamiko, na mtu wa kuipokea anayezungumza Kiswahili.

Pamoja na huo naomba mambo mawili ambayo hayaingii kwenye ukurasa. Kaeni na NTSA mtengeneze daraja la bima la haya magari madogo ya vijijini, lenye bei ambayo mwenye Probox anaweza kuibeba, ili asilazimike kuchagua kati ya uongo na kulaza gari. Na kikomo cha Mfuko kipandishwe, hata kama itabidi ile Sh80 iwe Sh160. Nimewauliza wenye magari kadhaa hapa kama wangekubali. Aliyenijibu haraka kuliko wote ni mzee mmoja aliyewahi kuwa na matatu enzi za United. Alisema angelipa hata mara tano, kisha akanionyesha kiwanja ambacho zamani kilikuwa chake.

Ukurasa nilioandika nimeuambatisha. Wapelekee Muungano wa Kampuni za Bima (AKI) wausome. Kama kuna kampuni inayoona utaifukuzia wateja, iseme hadharani ni sentensi ipi inayoitia hofu.

Wako mwananchi,
Mwalimu mstaafu,
Matete, Kakamega.